Toa Pumzi, Wifi

Wifi yangu alizimia mbele ya watu, na mimi nilikuwepo. Macho yalikuwa wazi na bado amesimama, kisha magoti yakalegea akashuka mkekani taratibu, kama nguo iliyoponyoka kwenye kamba. Mwanamke aliyekuwa akipambana naye, mwoka mikate mmoja mkubwa ambaye wanajudo wenzake wanamwita Kabati, alimdaka kola ili kichwa kisigonge chini. Mwalimu akainua mkono na mtihani ukaishia hapo. Ilikuwa mara ya pili wifi anajaribu mkanda mweusi, na mara ya pili anarudi nyumbani na ule ule wa kahawia.

Wifi ni mke wa kaka yangu. Kaka ni fundi vioo, mpole mpaka anaudhi. Mimi naishi kwao, chumba cha nyuma, tangu siku niliyorudi kutoka kwenye ndoa yangu nikiwa na begi moja na jino pungufu. Wifi ndiye aliyenifungulia mlango. Hakuniuliza kitu. Alilipokea begi, akanitengea maji ya kuoga, na kesho yake akanipeleka kwa dobi anakofanya kazi akamwambia msimamizi, "Huyu ndugu yangu, anajua pasi vizuri sana." Nilikuwa sijui. Kovu la kujifunzia ninalo mpaka leo kwenye kiganja.

Basi mtu wa namna hiyo ukimwona anazimia, hata kama mchezo wenyewe unauchukia, roho inakuuma. Na mimi nilikuwa nauchukia kweli. Watu wazima wamevaa pajama nene, wanashikana makola, wanabwagana, halafu wanainamiana kwa heshima kana kwamba hawajavunjana mbavu. Wifi alinialika mara moja tu kwenye darasa lake la wanawake, Jumamosi asubuhi. Nikamwambia mimi sivai pajama mbele za watu. Hakurudia tena.

Lakini darasa lile ndilo lililokuwa hatarini. Mwalimu, mzee wa kutengeneza saa, alikuwa anahama kwenda kuishi kwa binti yake mbali. Ukumbi ni wa mwenye duka la matairi, uko nyuma ya duka lake, na yeye alikuwa na sharti moja: lazima abaki mtu wa mkanda mweusi wa kuwajibika, maana hataki mtu avunjike shingo ndani ya jengo lake halafu aulizwe yeye. Wenye mikanda myeusi wa mji wetu wote walikuwa wamehama au wameacha. Aliyebaki karibu na mkanda huo ni wifi. Asipofaulu kabla Mwalimu hajaondoka, ukumbi unajazwa matairi, na wale wanawake wa Jumamosi, muuguzi, mwalimu wa chekechea, muuza mitumba, na yule mama anayekuja na fimbo yake, kila mtu arudi kwake.

Siku ile ya kuzimia, wifi alikaa jikoni na taulo kichwani.

"Nguvu sina," akasema. "Nikifika kwa Kabati nimeshakwisha. Nahitaji nguvu."

"Unahitaji usingizi," nikamjibu.

"Wewe unajua nini?"

Kweli sikujua kitu, nikanyamaza, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Mwalimu alikuwa na neno lake moja kuhusu mazoezi mengine yoyote: judo hufunzwa na judo. Ukimtajia kukimbia, kuogelea au kunyanyua vyuma, anafuta miwani na kusema, "Mshika mbili moja humponyoka," na mjadala umeisha. Kwa hiyo wifi alikwenda kwa siri. Nyuma ya karakana ya kuchomelea kuna uwanja mdogo wa jamaa anayeitwa Chuma. Vyuma vyake ni vya kuunga mwenyewe: ekseli ya gari, gia za lori, makopo yaliyomiminwa zege. Wanaume wa mtaa wananyanyua pale alfajiri kabla ya kazi, na tangu hapo akawepo mwanamke mmoja, na mwanamke mwingine amekaa juu ya tairi akipiga miayo. Huyo wa miayo ni mimi. Nilikuwa kisingizio, kaka aliambiwa tunawahi kazini.

Chuma hakuwa mtu wa maneno mengi. "Vuta pumzi, izibe, kaza tumbo, nyanyua!" Basi. Wifi alivuta, akaziba, akakaza, akanyanyua, na mwili ukaitika. Mabega yalipanuka mpaka magauni yakagoma. Kaka akaanza kusema siku hizi akichelewa kurudi anabisha hodi kwa adabu. Tulicheka. Mimi mwenyewe nikaanza kuamini kwamba Kabati safari hii atakutana na kabati mwenzake.

Mwalimu aligundua bila kuambiwa na mtu. Jioni moja nilikuwa nimempelekea wifi ufunguo wa nyumba, nikasimama mlangoni pa ukumbi. Wifi alikuwa akifanya mazoezi na kijana mmoja mrefu. Badala ya kumtega mguu alimng'oa tu, akamwinua mzima mzima na kumtupa, na yule kijana akaangukia bega vibaya. Mazoezi yakasimama. Kijana akawa anakunja uso na kusema hajambo, hajambo.

Mwalimu alikwenda akakishika kiganja cha wifi, akakigeuza. Kilikuwa na sugu mpya pale vidole vinapoanzia, za kushika ekseli.

"Mikono hii haikufanya kazi kwangu peke yangu," akasema.

Wifi akainamisha kichwa.

"Umepata nguvu, na ulichojua kimekutoka. Leo umemuumiza mwenzako. Chagua."

Hakusema achague nini. Alikwenda kumkanda yule kijana bega. Mtihani ulikuwa umekaribia. Akiacha vyuma, atafika kwa Kabati hana kitu, kama zamani. Akiendelea, Mwalimu hatampeleka mtihanini kabisa.

Akaendelea. Ndiyo, sikio la kufa. Alfajiri ya pili yake tulikuwa tena kwa Chuma, na siku hiyo aliongeza gia mbili kwa hasira, si kwa akili.

Kutoka pale tukaingia kazini. Kulikuwa na mzigo wa mashuka ya hoteli na msimamizi alikuwa anatupumulia shingoni. Sasa, mashine yetu ya pasi iko hivi: unatandaza shuka, unakanyaga pedali ya kwanza, kifuniko kinashuka, ya pili inatoa mvuke, ya tatu inakinyanyua kifuniko. Mvuke ule una harufu ya dawa ya madoa. Ukiuvuta mara moja tu, utakohoa mpaka jioni. Kwa hiyo kila mtu wa pasi, mvuke ukitoka, anaziba pumzi. Hakuna aliyetufundisha. Kifua kinajifunza chenyewe, na ukishazoea hujui hata kama unafanya.

Mimi nilikuwa meza ya kukunjia, nimeelekea kwake. Nilimwona akikanyaga, mvuke ukapanda, midomo yake ikabana, mshipa wa kipaji cha uso ukatoka. Akanyanyua, akavuta shuka jingine, akakanyaga tena. Kubana, mshipa, kubana. Halafu nikaona macho yamekuwa kama vioo vya kaka kabla havijafutwa. Mguu wake ulikuwa unaenda kwenye pedali ya kwanza, na mkono wa kushoto bado unalainisha pindo la shuka katikati ya mashine.

Sikumbuki kupita juu ya kapu la nguo. Nakumbuka nimempiga kikumbo kwa mwili mzima, tumeanguka wote wawili kwenye sakafu yenye maji, na juu yetu kifuniko kikashuka kwenye shuka tupu na kufoka.

Msimamizi akatokea. "Mnacheza judo humu ndani?"

"Ameteleza," nikasema. Nilikuwa natetemeka mpaka meno, hayo yaliyobaki.

Tulipewa muda kidogo wa kukaa nje, juu ya kreti. Wifi alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto, anafungua na kufunga vidole. Mimi nilikuwa namtazama usoni, maana uso ule wa kwenye mvuke nilikuwa nimeuona mahali pengine. Niliuona mkekani, kwa Kabati. Midomo ile ile, mshipa ule ule. Na kwa Chuma pia, kila alfajiri, nami nimekaa juu ya tairi napiga miayo bila kuutambua.

Na kabla ya hapo kote niliuona kwenye kioo. Mimi kuziba pumzi nakujua. Nilikaa kwenye ndoa ambayo kila jioni, geti likilia, nilisimama jikoni na mwiko mkononi bila kupumua, mpaka nisikie jinsi mume wangu anavyoweka funguo mezani. Akiziweka taratibu, napumua. Akizitupa, basi. Unaweza kuishi hivyo muda mrefu sana, lakini nguvu ya kufanya jambo lingine lolote huna. Wakati ule nilidhani mimi ni mvivu tu.

"Wifi," nikamwambia, "wewe ukikaza hupumui."

"Sipumui vipi, na niko hai?"

"Unaziba. Kama kwenye mvuke. Ndiyo maana unakwisha."

Akanigeukia, na hasira yote ya wiki ile ikanishukia mimi. "Umekuja ukumbini mara mbili, ukasimama mlangoni, tayari umekuwa mwalimu? Kuna watu wamenifundisha miaka, hawajaliona hilo. Umeliona wewe, ambaye hata kuvaa pajama unaona haya?"

Maneno yaliniingia. Ningekuwa mtu mwenye haya ningenyamaza. "Nyanyua hilo kreti la mashuka mabichi," nikasema. "Ukilinyanyua, nijibu swali langu. Ukiwa umelibeba, si baada."

"Swali gani?"

"Nani aliunguza sufuria lako kubwa?"

Hapa panahitaji maelezo. Nilipohamia kwao niliunguza sufuria lake la harusi. Mimi nasema lilikuwa limetoboka tayari, yeye anasema lilikuwa jipya, na ugomvi huo ndio uhai wa nyumba yetu. Hakuna siku amekosa jibu. Basi akainama, akalishika kreti, akalinyanyua mpaka kifuani. Nikamtazama. Midomo imebana. Mshipa nje. Kimya. Akalitua chini puu, ndipo sauti ikamtoka:

"Wewe!"

Tukatazamana. Alirudia mwenyewe bila kuambiwa. Alinyanyua, akajitahidi kufungua mdomo, haukufunguka. Alipotua mara ya pili alikaa chini kando ya kreti na machozi yakaanza kumtoka, machozi ya hasira, ya mtu aliyetafuta mwizi mtaa mzima kumbe yuko chumbani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jioni ile alikwenda kwa Mwalimu kueleza yote, Chuma na siri na kreti. Nilikwenda naye, kwa sababu aliniambia nisipokwenda atageuka njiani. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umenidanganya," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

Akamwita yule kijana mrefu, ambaye bega lake lilikuwa limepona kiasi, akamwambia wifi amlalie na kumbana. Kisha akaweka kiganja mgongoni mwa wifi, akakiacha hapo. Nadhani alisubiri mbavu zipande na kushuka. Hazikupanda. Uso wake ulibadilika, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ni mzee sana.

"Maisha yangu yote nafungua saa za watu nikitafuta chembe ya vumbi," akasema. "Hii nimekaa nayo miaka, sikuiona. Nilikuwa nakwambia tulia, tulia. Ulikuwa umetulia kama maiti."

Akafuta miwani. Nikangojea mshika mbili. Haikuja.

"Kimbia ukitaka," akasema. "Nyanyua ukitaka. Ila nisisikie kimya. Nikisikia kimya, mtihanini huendi."

Hivyo ndivyo mdomo wangu, ambao mama yetu alikuwa anaulaani, ukawa kifaa cha mazoezi. Kila alfajiri tulikimbia kutoka nyumbani mpaka kwenye tangi la maji na kurudi, na sheria ilikuwa moja: mimi namchokoza, yeye anajibu, bila kusimama. Mtu anayejibu hawezi kuziba pumzi. Shida ni kwamba na mimi ilibidi nikimbie. Siku ya kwanza nilitapika kwenye mtaro, na yeye akanizunguka akirukaruka huku akisema, "Endelea basi, ulikuwa unasema sufuria lilitoboka tangu lini?"

Kwa Chuma alipunguza uzito mpaka Chuma akaona aibu kwa niaba ya ekseli yake. Lakini kila akinyanyua alitoa pumzi kwa sauti, "Haaa!" na wale wanaume walioanza kwa kumcheka, mwisho wa wiki walikuwa wanafanya vile vile, uwanja mzima unahema kama tanuri. Kamba aliruka huku mimi nikimsimulia uongo juu ya kaka, kwamba alipokuwa mdogo alikojoa kitandani mpaka alipoota ndevu, naye lazima amtetee mumewe neno kwa neno na kamba isikwame. Hata kazini, kwenye mvuke, alijifunza kugeuza uso pembeni na kupumua badala ya kubana. Na mimi nikajikuta nafanya hivyo hivyo.

Ungedhani mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Akicheka alipumua vizuri. Akiogopa, mdomo ulijifunga wenyewe. Siku chache kabla ya mtihani Mwalimu alimpangia wale wakubwa wa ukumbi, mmoja baada ya mwingine bila kupumzika, na alipofika kwa wa mwisho nikauona uso wa mvuke umerudi kamili. Mwalimu aliuona pia. Kwa tishio lake angemtoa mtihanini, lakini hakumtoa; kabla ya yeye kuhama hakukuwa na mtihani mwingine.

Wifi hakula usiku wa kuamkia mtihani. Kaka alipanga na kupangua vioo vyake mpaka nikamwambia akivunja kimoja nampiga.

Mtihani ulikuwa asubuhi. Walikuja watahini wawili kutoka nje, mwanamume na mwanamke, wamevaa suti na soksi. Viatu vyote mlangoni. Mwalimu alikaa pembeni, maana hairuhusiwi kumpa alama mwanafunzi wako. Wanawake wa Jumamosi walijipanga ukutani, yule mama na fimbo yake katikati. Kaka alikataa kuingia. Alibaki dukani mbele akijifanya anachagua tairi, na hana gari.

Mtahini mwanamke alisimama akatusomea masharti. La kwanza, mtahiniwa anapambana na wanne mfululizo, na akiomba kupumzika, mtihani umekwisha. La pili, mtazamaji yeyote akimwelekeza mtahiniwa, kwa neno au kwa ishara, mtihani umefutwa. Aliposema hilo Mwalimu alinitazama mimi. Ukumbi mzima ukanitazama mimi. Nikavuta mtandio nikauweka tayari karibu na meno.

Alianza vizuri. Wa kwanza alimtega mguu akaenda chini kabla sijakaa sawa. Wa pili walivutana sana, wifi akabwagwa, akainuka, akarudi, akambwaga. Nikawa nasikia pumzi yake hadi nilipokaa, inaingia, inatoka. Wa tatu, yule kijana mrefu, alimchosha. Alikuwa na deni la bega. Walipoinamiana, wifi alikuwa amelowa jasho na mikono inaning'inia.

Kisha akaingia Kabati, mkavu, amepumzika, amesuka nywele upya.

Kabati si mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke, maana kwa dakika zile nilimtakia kila lililo baya. Alimshika wifi kola, akamzungusha, akamwinua na kumweka chini, kisha akamlalia. Uzito wote ule kifuani. Mtahini mwanamume akaanza kuhesabu sekunde za kubanwa kwa saa yake. Wifi alisukuma mara moja. Alisukuma tena. Halafu uso wake ukageukia upande wetu, na nikauona.

Midomo imebana. Mshipa nje.

Nilikuwa na maneno mawili tu ya kumwambia. Toa pumzi. Yalikuwa mdomoni tayari, yanasukumana na mtandio. Nikisema, namwokoa na namwua. Nisiposema, atazimia pale pale, mbele ya wanawake wake, na Jumatatu wanaleta matairi. Niliuma mtandio mpaka nikasikia uzi unakatika kwenye pengo la jino langu. Macho ya wifi yalikuwa yameanza kuwa ya kioo. Na mimi, kumbe, nilikuwa nimeziba pumzi pamoja naye, nasubiri funguo ziwekwe mezani.

Nikaitoa pumzi yangu. Hiyo tu, hakuna sheria inayokataza mtazamaji kupumua.

Sijui kama alinisikia. Yeye anasema hapana. Lakini midomo yake ilitikisika, ikafunguka kidogo, na sauti ndogo ikatoka chini ya Kabati, sauti ya kugombana.

"Lilikuwa... jipya."

Kabati alishtuka.

"Sufuria... lilikuwa... jipya!"

Kila neno lilimtoa pumzi, na kila pumzi ikampa nafasi ya kidole. Kabati, maskini, akainua kichwa kidogo kusikia vizuri, na nafasi ile ikatosha. Wifi aliinua kiuno juu kama daraja, akapinda, akachomoka ubavuni, akasimama. Alikuwa anaongea mfululizo sasa, kwa sauti ya chini, haachi. Walishikana tena. Kabati alimvuta, wifi akaachia badala ya kukaza, na Kabati alipokuja mbele akakuta mguu unamngoja. Ngwala safi. Hakuanguka mzima, alianguka goti moja na mkono mmoja, lakini ukumbi ulitetemeka. Kengele ikalia. Wifi alikuwa amesimama, bado anaongea.

Hatukuthubutu kupiga makofi, maana mtahini mwanamke alikuwa amekunja uso.

"Mtahiniwa," akasema, "nimekuona unamtolea mwenzako maneno. Kumtukana mpinzani ni kukosa adabu, na kukosa adabu ni kushindwa mtihani. Ulikuwa unamwambia nini?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Wifi alikuwa bado anahema. Utamweleza nini mtu wa suti?

Kabati ndiye aliyejibu, akiwa bado amepiga goti anajifuta jasho. "Hakunitukana, Mama. Alikuwa anadai sufuria."

"Sufuria?"

"Ndivyo nilivyosikia. Jipya, anasema. Mimi sijui lolote kuhusu sufuria lake."

Watahini walitazamana. Mwanamke akamuuliza wifi sufuria ni la nini. Wifi akasimama wima, akasema kweli yote: kwamba alikuwa na tabia ya kuziba pumzi, ya kazini, na ili asizibe anagombana na wifi yake, hata kama wifi mwenyewe hayupo mkekani. Mtahini mwanamume aliinamia karatasi yake, mabega yanamtikisika. Yule mwanamke hakucheka. Alimgeukia Mwalimu akamuuliza kama hayo ni kweli. Mwalimu akasimama, akavua miwani.

"Ni kweli," akasema. "Na dawa hiyo si yangu. Mimi nilimkataza."

Walikwenda kuzungumza pembeni. Walizungumza muda mrefu mpaka yule mama wa fimbo akaketi. Waliporudi, mkanda ulikuwa mkononi mwa mtahini mwanamke, mweusi, mpya, umekunjwa. Sikumbuki alisema nini. Nakumbuka Mwalimu alimfungia wifi mkanda mwenyewe, kisha akatoa ufunguo wa ukumbi mfukoni akauweka kwenye kiganja chake chenye sugu. Kaka aliingia na viatu, akafokewa na kila mtu.

Jumamosi ya kwanza baada ya Mwalimu kuondoka nilikwenda ukumbini na ndoo na tambara. Nilisema nakuja kusaidia kufuta mikeka. Wifi akanipisha mlangoni. Niliifuta mikeka yote, nikaifuta tena, wanawake wakaingia wakabadilisha nguo, na mimi bado niko na tambara. Kwenye benchi kulikuwa na suti moja ya judo imekunjwa, ya saizi yangu. Imepigwa pasi vizuri sana.

Somo la kwanza si kuangusha mtu. Ni kuanguka. Wifi alisimama mbele yangu akanishika kola, na pale pale pumzi yangu ikafunga, na pajama lote likawa geti linalolia jioni. Aliona. Hakunivuta. Alisubiri, ameshika kola, kama ana siku nzima.

"Nani aliunguza sufuria langu?" akauliza.

"Lilikuwa limetoboka tangu..." nikaanza, na sikumaliza, nilikuwa chini. Kiganja changu kilikuwa kimepiga mkeka, pumzi yote iko nje, na mkono wake umeushika wangu kwa nguvu ili kichwa kisiguse. Nikalala nikitazama dari. Nilishaangushwa mara nyingi maishani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunishika mkono nikishuka. Nililia kidogo, sikuona haya.

"Tangu lini?" wifi akauliza kutoka juu.

Nikainuka, nikarekebisha pajama, nikamwambia anipige ngwala tena, na safari hii nilimaliza kusema.